Kuishi na matetemeko ya ardhi milimani, kutoka Rwenzori hadi Kivu na Kagera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara ardhi inapotikisika upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Majibu yamelenga mtu anayeishi kwenye mteremko, mwenye nyumba ya matofali na shamba juu au chini yake. Huna haja ya kusoma yote kwa mpangilio. Pale jibu moja linapotegemea jingine, utaelekezwa.

## Misingi

Kwa nini kwetu hutetemeka mara nyingi hivi?

Kwa sababu mnaishi juu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile linaloshuka kutoka Ziwa Albert, likapita Edward, Kivu na Tanganyika hadi Ziwa Nyasa. Ardhi ya pande mbili za bonde inaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Mwamba haukubali kuvutwa taratibu: hukwama miaka mingi, kisha hukatika kwa sekunde chache. Kukatika huko ndiko tetemeko.

Milima yenyewe ni zao la kazi hiyohiyo. Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, si volkano. Ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya mipasuko ya bonde. Mitambo iliyowekwa kuizunguka mwaka 2006 na 2007 ilinasa matetemeko zaidi ya 800 kwa mwezi, karibu yote madogo mno kuhisiwa na binadamu. Kwa hiyo mkazi wa Bundibugyo au Kasese akisema "mwezi huu kumetulia", ajue ni yeye aliyetulia.

Je, watu wa pwani wako salama?

Wana nafuu, lakini hawakusamehewa. Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea baharini na kutikisa Dar es Salaam na Zanzibar.

Tetemeko kubwa kuliko yote ukanda huu lilikuwa lipi?

Linalotajwa zaidi ni la Desemba 13, 1910, upande wa Rukwa, lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4. Lakini ukubwa na msiba ni vitu viwili. Desemba 5, 2005, Ziwa Tanganyika lilipigwa na tetemeko la 6.8 lililohisiwa hadi Nairobi, na waliokufa walikuwa wachache. Februari 3, 2008, tetemeko la 5.9, dogo kwa mbali, liliua zaidi ya watu 40 Bukavu na ng'ambo ya mpaka huko Rusizi na Nyamasheke, Rwanda. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na baadhi walikufa kanisani. La Kagera la Septemba 10, 2016 nalo lilikuwa 5.9, lilitokea alasiri ya Jumamosi, likaua watu wasiopungua 17 na kujeruhi mamia.

Tofauti iko kwenye umbali wa kitovu na makazi, saa, na zaidi ya yote kile kilichojengwa juu ya vichwa vya watu.

Namba inayotajwa redioni ina maana gani?

Inapima nishati iliyotoka kwenye mpasuko. Kila ikipanda kwa moja, nishati huongezeka takriban mara 32, kwa hiyo 7 haiizidi 6 "kidogo". Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu. Kinachobadilika kutoka kijiji hadi kijiji ni ukali wa mtikisiko, na huo hutegemea umbali, udongo na kina. La Kagera lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi, ndiyo maana lilihisiwa Uganda, Rwanda na hata Kenya.

Nimetumiwa ujumbe kwamba kubwa zaidi litakuja saa nane usiku. Niamini?

Usiamini, na usiusambaze. Hakuna mtu wala mtambo duniani unaoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Wataalamu wanaweza kusema eneo fulani lina hatari kubwa kwa miaka ijayo, basi. Ujumbe wa aina hii huja kila mara, na kazi yake ni kuwatoa wazee na watoto kwenye baridi bila sababu. Tanzania, taarifa rasmi za matetemeko hutolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iliyoko Dodoma, si mamlaka ya hali ya hewa. Goma, kituo cha kufuatilia volkano, OVG, ndicho chenye mitambo.

Mitetemo ya baadaye itaisha lini?

Hupungua haraka mwanzoni, kisha hujikokota. Siku ya kwanza unaweza kuhesabu mingi, wiki ya pili michache, na baada ya miezi bado utaamshwa mara mojamoja. Kwa kawaida ule mkubwa kati yao huwa mdogo kwa kama pointi moja kuliko tetemeko kuu.

Kwa kawaida, si siku zote. Karonga, kaskazini mwa Malawi, matetemeko yalianza Desemba 6, 2009, na lililo kubwa kuliko yote, la 6.0, likaja Desemba 19, watu wakiwa wameshaanza kurudi ndani. Nalo la Toro la Machi 20, 1966, lililoua zaidi ya watu 100 Uganda na Kongo, lilifuatwa Mei na jingine kali lililoua tena upande wa Beni. Nyumba iliyopata nyufa kwenye pigo la kwanza ndiyo huanguka kwenye la pili. Kabla ya kurudi kulala ndani, soma swali la nyufa hapa chini.

## Ardhi inapotikisika

Nikimbie nje au nijifiche chini ya meza?

Ushauri wa mabango mengi, "inama, jikinge, shikilia", ulitungwa kwa nyumba zenye nondo na zege lililopimwa. Ukiwa ofisini, shuleni au hospitalini kwenye jengo imara la ghorofa, ufuate: ingia chini ya meza nzito, kinga kichwa na shingo, usikimbilie ngazi.

Nyumba ya tofali mbichi, au ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope, ni habari nyingine. Kuta zake zikilala, meza ya mninga haitakuokoa. Kama uko chini, mlango uko hatua chache na nje kuna uwazi, toka. Kama mlango uko mbali au nje ni uchochoro kati ya kuta mbili, jikunje kando ya kitanda kizito, kinga kichwa, toka mtikisiko ukikoma. Wengi huumia mlangoni, chini ya vigae na matofali ya juu yanayodondoka, kwa hiyo ukitoka, toka mpaka mbali na ukuta.

Jambo la maana ni kuamua leo, mkiwa mmetulia, kila chumba kina njia ipi. Sekunde kumi za mtikisiko hazitoshi kwa kikao cha familia.

Si ni salama kusimama kwenye fremu ya mlango?

Hapana. Fremu ya nyumba ya kawaida haina nguvu kuliko ukuta unaoizunguka.

Na nikiwa shambani, au kwenye gari barabara ya mlimani?

Shambani, hatari yako haiko chini ya miguu bali juu yako. Tazama mteremko: mawe yanayoviringika hufuata makorongo, kwa hiyo ondoka kwenye korongo uende kwenye bega la mlima. Usikimbie kushuka nayo.

Kwenye gari, simama mahali pasipo na genge juu wala daraja chini, washa taa za hatari, subiri. Ukianza tena safari, nenda ukijua kwamba kila kona inaweza kuwa na mawe barabarani, na kwamba ukingo wa upande wa bonde unaweza kuonekana mzima huku chini yake hakuna kitu. Dereva wa lori lililojaa saruji asiwe wa kwanza kuujaribu.

## Nyumba

Kwa nini yangu ilianguka na ya jirani ikabaki?

Kuna sababu tatu, na mara nyingi zote hukutana. Kwanza, mahali. Kilele chembamba cha kilima hutikisika zaidi kuliko sehemu iliyo chini yake, na udongo laini wa bondeni hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Pili, kiwanja kilichokatwa mlimani: nusu ya nyumba imekaa kwenye udongo wa asili uliochimbwa, nusu nyingine kwenye kifusi kilichosukumwa mbele na kushindiliwa kwa miguu. Ardhi ikitikisika, nusu ya mbele huzama na nyumba hukatika katikati. Bukavu imejaa viwanja hivi, na hata Bukoba si vigumu kuviona.

Tatu, ujenzi. Baada ya Kagera, shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa uharibifu. Ukuta mnene unaoonekana wa ngome, usiofungwa na kitu, ni uzito tu unaosubiri kusukumwa.

Ni kweli nyumba za zamani za miti na udongo ni salama zaidi?

Kwa uhai wako, mara nyingi ndiyo. Ukuta wa fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo hucheza, udongo unabanduka, lakini fito hubaki zimesimama. Paa lake ni jepesi. Tulipohamia kwenye tofali za kuchoma tukaongeza uzito bila kuongeza kifungo, na hilo halikuwa maendeleo kamili. Sisemi watu warudi kwenye nyasi. Nasema anayedharau nyumba ya bibi yake aangalie kwanza yake imefungwa na nini. Mchwa, hata hivyo, hawachagui: fito zilizoliwa hazishikilii kitu.

Nina fedha kidogo. Nianze na nini?

Anza na mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha. Fundi wengi huweka linta juu ya kila uwazi peke yake na kuacha mapengo. Hiyo huzuia dirisha lisibonyee, haifungi kuta. Mkanda unatakiwa uendelee bila kukatika, nondo zake zikipinda na kupishana kwenye kona zote. Kona ndizo hufunguka kwanza.

Kisha paa. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa nondo au bamba za chuma, siyo kuwekwa tu juu ya tofali. Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kilele cha paa ndio huanguka kabla ya kingine chochote, na huangukia kitandani au njiani. Kama unaweza, ujenge kwa mbao na bati badala ya tofali. Madirisha yawe mbali na kona. Saruji isipunjwe kwenye udongo wa kujengea: tofali zuri juu ya tope ni hasara.

Nyumba iliyokwisha kujengwa haiwezi kufumuliwa yote, lakini kufunga kenchi, kuondoa pembetatu ya tofali na kuhamisha kabati zito lisiwe juu ya vichwa vya watoto ni kazi ya siku chache.

Ufa upi ni wa hatari?

Ufa mwembamba wa juujuu kwenye plasta, unaofuata mtindo wa utando, si tatizo. Tatizo ni ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha au mlango, ufa wima kwenye makutano ya kuta mbili, ukuta uliotoka nje ya mstari, na ufa unaoonekana pande zote mbili za ukuta. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, nyumba imehama.

Chora mstari wa penseli mwishoni mwa kila ufa na uandike tarehe. Ufa ukiupita mstari huo bila tetemeko jipya, huenda kinachosogea si nyumba bali mteremko. Soma sehemu inayofuata. Kuziba kwa plasta na rangi kabla fundi hajaona ni kujidanganya, na anayeuza nyumba iliyozibwa hivyo anajua anachofanya.

## Mlima baada ya tetemeko

Tetemeko limepita na hatujaporomokewa. Hatari imeisha?

Hapa ndipo watu wa milimani hukosea zaidi. Tetemeko hulegeza mteremko bila kuuangusha. Hufungua nyufa juu kwenye vigongo, mahali ambapo hakuna anayepita ila mchungaji, na hulegeza udongo uliokuwa umeshikana juu ya mwamba. Mvua ikija, maji huingia kwenye nyufa hizo, udongo unapata uzito, na mteremko uliovumilia tetemeko unashindwa na mvua ya wiki moja. Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 25, 2015, maporomoko yaliendelea kuongezeka kwenye misimu ya mvua iliyofuata.

Tazama kalenda. Kagera ilitikisika Septemba 10, vuli ikibisha hodi. Toro ilitikisika Machi 20, mvua za masika zikianza. Kwa hiyo baada ya tetemeko, kabla ya mawingu, kijiji kitume watu wawili watatu wanaojua mlima wapande na kukagua vigongo vilivyo juu ya makazi. Ufa wa ardhi ulioonekana uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mfereji uchimbwe juu yake kugeuza maji. Ni kazi ya majembe, haihitaji mfadhili.

Mteremko ukikaribia kuporomoka huonyesha dalili gani?

Miti na nguzo za umeme zinazoinama, ukingo mpya kama ngazi ndani ya shamba, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu, bomba la maji linalokatika mara kwa mara mahali palepale. Ukisikia ngurumo kutoka mlimani wakati wa mvua, usisubiri kuona. Ondoka kwa upande, usishuke na korongo.

Kuna pia miteremko inayotembea polepole miaka yote, tetemeko liwepo lisiwepo. Mtaa wa Funu, Bukavu, umekaa juu ya mmoja wa hiyo. Nyumba huko hupasuka bila ardhi kutikisika hata kidogo.

Mto umepungua ghafla baada ya tetemeko. Ni ukame?

Huenda maporomoko yameuziba juu huko na ziwa linajikusanya nyuma ya kifusi. Kifusi kikizidiwa, maji hushuka yote kwa pamoja na mawe na magogo. Msishuke mtoni kuokota samaki. Pandeni juu, wajulisheni wa vijiji vya chini na serikali ya mtaa, na mtu akakague kutoka kwenye kigongo, siyo kwa kufuata mkondo.

Chemchemi yetu imekauka, au inatoa tope.

Ni kawaida. Mtikisiko hufungua njia za maji na kuziba nyingine. Tope mara nyingi huondoka baada ya siku kadhaa; chemsheni maji hata yakisafika, kwa maana vyoo vya shimo navyo vimetikiswa. Iliyokauka inaweza kurudi, inaweza kuibuka mita mia chini, au isirudi.

Maporomoko ya Hanang na Bududa yalisababishwa na tetemeko?

Hapana. Hanang, Desemba 3, 2023, ilikuwa mvua kubwa iliyolegeza upande wa mlima na kuleta tope hadi Katesh. Uvumi wa volkano ulienea siku hizo na haukuwa na msingi. Bududa, Machi 2010, na Kalehe huko Kongo, Mei 2023, ilikuwa mvua vilevile.

Kupanda miti kutatuzuia tusiporomokewe?

Mizizi hushika udongo wa juu, kwa hiyo husaidia kwenye maporomoko mafupi. Mteremko unaokatika mita kumi au ishirini chini huondoka na msitu wake. Panda, lakini usijenge chini yake kwa kuamini miti.

## Volkano na ziwa

Tetemeko linamaanisha mlima utalipuka?

Mara nyingi hapana. Rwenzori haina cha kulipuka. Lakini karibu na volkano hai, mfululizo wa matetemeko madogo unaweza kuwa alama ya uji wa moto, yaani mwamba ulioyeyuka, unaosogea chini kwa chini. Julai 2007 eneo la Gelai, kaskazini mwa Tanzania, lilitikisika kwa wiki kadhaa, na Septemba Oldoinyo Lengai ukaanza kulipuka kwa nguvu.

Goma ilikuwa kinyume: Nyiragongo ulilipuka Mei 22, 2021, na matetemeko makali yakafuata, kwa sababu uji ulijipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani. Mei 27 serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu wakaelekea Sake, Rwanda na kwingineko. Kwa hiyo ukiwa Goma, Gisenyi au Rutshuru, fuata tangazo kuhusu volkano hata kama nyumba yako imesimama vizuri.

Je, tetemeko linaweza kutoa gesi ya Ziwa Kivu?

Ziwa hilo limebeba kiasi kikubwa cha kaboni dayoksaidi na methani kilichobanwa na uzito wa maji. Ziwa Nyos la Cameroon lilitoa gesi mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700, ndiyo maana swali hili si la kipuuzi. Hata hivyo Kivu ilivumilia matetemeko ya 2002, 2008 na 2021. Kinachohofiwa zaidi ni uji wa moto mwingi kutokea chini ya ziwa, na hilo hufuatiliwa.

Mazuku ni jambo jingine: gesi nzito inayotulia kwenye mashimo na mabonde madogo kuzunguka Goma, na huua mbuzi na watoto bila tetemeko lolote. Ukilala nje baada ya kuhama, usilale shimoni.

## Maswali ya pembeni

Ule ufa mkubwa wa Kenya wa 2018 ulionyesha Afrika inapasuka?

Ufa wa karibu na Suswa, uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, ulifunuliwa na mvua kubwa iliyosomba udongo laini wa majivu ya volkano. Bara linaachana kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, na halingeonekana kwenye picha za simu wiki moja baadaye.

Ni adhabu ya Mungu?

Kila jamii ya ukanda huu ilikuwa na jibu lake. Baganda wa Uganda walimtaja Musisi, mungu wao wa matetemeko, na mtoto aliyezaliwa siku ya tetemeko hupewa jina hilo hadi leo. Swali la imani liende kwa padri, mchungaji au shehe. Ila anayesema waliokufa walistahili atazame orodha yao: wapo waliokuwa wakisali.

Bado nahisi kitanda kinatikisika wakati hakuna kitu. Nina ugonjwa?

Huna. Sikio la ndani na hofu hushirikiana kukudanganya, na huisha taratibu. Weka glasi ya maji mezani: maji yakitulia, ni wewe. Watoto wanaokataa kulala ndani wasilazimishwe usiku wa kwanza. Waonyesheni njia ya kutokea, waifanyie mazoezi mchana.

Bima au serikali italipa?

Bima nyingi za nyumba huhesabu tetemeko kama nyongeza inayolipiwa kando, soma mkataba. Baada ya Kagera, michango mingi ilielekezwa kwenye taasisi za umma kama shule na zahanati, na wananchi wengi walijijengea wenyewe. Panga ukijua hivyo.

Naweza kujenga tena mahali palepale?

Kama nyumba ilianguka kwa sababu ya ujenzi na ardhi haikusogea, ndiyo, ukifuata yaliyosemwa kwenye swali la fedha kidogo. Kama kiwanja chenyewe kilipasuka, au kiko kwenye mdomo wa korongo, tofali jipya halitabadilisha kitu. Mara nyingi kuna nafasi ndani ya shamba lilelile: sogea ndani kutoka kwenye ukingo uliokatwa, ukae juu ya udongo uliochimbwa, sio uliojazwa, na uache angalau kimo cha genge kati yake na ukuta wa nyuma. Makaburi ya ukoo huwafanya wengi wakatae kuhama. Hao wasogeze nyumba, wayaache makaburi yalipo.